Kobe wa Changuu, kasa wa Nungwi, kima wa Jozani au mbuzi wa bibi shamba: watoto wadogo uwapeleke wapi?

Kila Idi ikikaribia, au skuli zikifunga tu, mashoga zangu wananiuliza swali lile lile. Watoto washachoka na pembea za Kariakoo, Forodhani washakula urojo na mishikaki mpaka basi, sasa tuwapeleke wapi wakaone wanyama, na si kuona kwa mbali tu, wawashike, wawalishe, waregee nyumbani na cha kuhadithia. Mie nna watatu, wa kwanza ana miaka 7, wa kati 4, na mdogo ndo kwanza mwaka na nusu kila akiokotacho anatia mdomoni, na kote nitakakokutaja hapa Unguja nshawapeleka, kwengine zaidi ya mara moja, kwaiyo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Uingereza na nchi nyengine za Ulaya kuna mashamba yamewekwa makusudi kwa kazi hii, unalipa mlangoni, mtoto anaingia kwa mbuzi, kondoo, sungura na kuku, anawashika, anawalisha, na ukitoka tu kuna pahala pa kunawia mikono. Hapa kwetu sijaona palipokamilika hivyo pahala pamoja, lakini wanyama tunao na mengine tunaweza kuyapanga wenyewe. Kazi ni kuchagua.

Na uchaguzi wenyewe mie naanzia kwenye umri wa mtoto kabla hata ya nauli. Kuna mnyama wa kushikwa na mnyama wa kuangaliwa. Mtoto wa miaka miwili ukimpeleka kwa mnyama wa kuangaliwa ukamwambia "tazama lakini usiguse", umemtesa na weye umejitesa, utashinda kutwa unamvuta mkono. Mtoto wa miaka saba yeye anaweza kukaa kimya dakika kumi akamtazama kima anavyochuma majani na akaja kuuliza maswali mwezi mzima.

Naanza na Changuu maana ndo karibu. Kisiwa kipo kama kilomita 6 hivi kutoka Mji Mkongwe, boti inachukua nusu saa au pungufu, inategemea mashine na bahari ya siku hiyo. Watalii wanakiita Prison Island kwa ajili ya lile gereza lililojengwa mwaka 1893, ambalo wafungwa wenyewe halikuwahi kuwaona, badala yake kisiwa kikatumika kwa karantini, abiria wa meli wakishukiwa maradhi wanawekwa kule kwanza. Watoto hayo hawana habari nayo, wao wanataka kobe. Na kobe wale asili yao si hapa, ni wale wakubwa wa Aldabra, wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi ya gavana wa huko, wakazaana. Dume likishakua sawasawa linaweza kupita kilo 200, mtoto wa miaka minne akisimama ubavuni pake ni kama amesimama na jabali linalotembea.

Mnapewa majani ya kuwalisha, mchicha na mfano wake, mtoto ananyoosha mkono, kobe anakuja taratibu, taratibu kweli kweli, na hiyo taratibu ndo uzuri wake. Mbuzi akiona majani anakuja mbio anakupokonya, mtoto muoga analia hapo hapo. Kobe anampa nafasi. Wa kwangu wa kati alikuwa anaogopa hata paka wa jirani, pale alianza kujificha nyuma ya baibui langu, mara kichwa kimoja kinachungulia, mara mkono, baada ya robo saa ndo anamkuna kobe shingoni, na ukimkuna shingoni kobe ananyanyuka kwa miguu yote minne anainyoosha shingo juu kama anakwambia endelea. Sikutegemea. Na wale kobe wengine wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, wa kwanza akawa anapita anasoma mmoja mmoja anapiga hesabu huyu kamzidi bibi miaka mingapi, huyu alikuwepo babu hajazaliwa, somo la hesabu ambalo sikulilipia tuisheni.

Masharti ni machache, asikaliwe mgongoni, asipigwe kwenye gamba, na vile vidogo vilivyozungushiwa uzio visiguswe. Nimeona watu wazima wanawapandisha watoto juu ya kobe kwa ajili ya picha. Naomba tusifanye hivyo, mnyama yule anaumia na mtoto anajifunza kuwa mnyama ni kiti.

Kinachonisumbua Changuu ni boti. Mara yetu ya kwanza nahodha tuliyempata alikuwa na majaketi ya maboya ya watu wazima tu, nikamvisha wa kati likamfika magotini, nikalishika mabegani nikalivuta juu likatoka kupitia kichwani bila kufunguliwa kitu, maana yake akianguka baharini jaketi linabaki juu yeye anakwenda chini. Tukashuka. Tulipoteza saa nzima kutafuta boti nyengine na watoto wanalia, lakini sijuti, na tokea siku ile naulizia majaketi ya watoto kabla ya kuulizia bei. Alafu kupanda kwenyewe mara nyingi ni kutokea ufukweni, unakanyaga maji, mtoto kifuani mkoba kichwani, kwaiyo asiende mtu mzima mmoja na watoto watatu. Nendeni asubuhi bahari bado imelala, mchana upepo ukipanda boti zinarusha maji na watoto wanatapika. Boti inakodiwa nzima kwa hiyo mkijikusanya familia mbili tatu bei ya kila mtu inashuka sana, na usisahau kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi maana kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni si kimoja. Nahodha akikwambia muunganishe na fungu la Nakupenda, ikiwa una mtoto wa chini ya miaka mitatu kataa, ni mchanga mtupu katikati ya bahari, pazuri lakini kivuli ni kile utakachobeba.

Nungwi sasa. Watu wengi wanachanganya, wanasema "tushaenda kwa kobe Changuu ya nini tena Nungwi", wakati kule ni kasa. Kobe wa nchi kavu anaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba, kasa wa baharini hawezi, na miguu yake imekuwa kama makasia. Pale Mnarani kuna hodhi la asili ndani ya mwamba, maji ya bahari yanaingia na kutoka yenyewe kwa kujaa na kupwa, na watu wa Nungwi wenyewe ndo walioanzisha kazi ile mwaka 1993, kasa akinaswa kwenye nyavu wanamchukua, wanamuuguza, wanakuja kumuachia. Kuna kasa wa kawaida na kuna ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa kasuku. Mtoto anapewa mwani anamlisha, na kasa anakuja juu anavuta pumzi unaisikia kabisa, hapo wa kwanza akagundua kumbe si samaki. Ile sauti ya pumzi ndo iliyomkaa kichwani kuliko kitu chengine chochote cha siku ile.

Kwa mtoto wa miaka sita kwenda juu mie nasema Nungwi panafundisha kuliko Changuu, maana kuna kisa ndani yake, huyu kanaswa, huyu anaumwa, huyu ataregea kwao. Ila kwa wadogo hapana. Pembeni ya hodhi panateleza, maji yana kina, na mdomo wa kasa una nguvu, hauchagui mwani na kidole, mwani uushike kwa ncha kabisa. Kuna wageni wanaingia majini kuogelea nao. Mie wangu siwaingizi, losheni na mafuta ya jua tunayojipaka yanabaki kwenye maji yale yale anayoishi mnyama, na hodhi si bahari nzima.

Safari nayo ni ndefu, karibu kilomita 60 kutoka mjini, kwa daladala za 116 na zinavyosimama simama utafika watoto washalala washaamka washalala tena. Kwa gari ya kukodi ni saa moja na kitu. Lakini kuna fidia, pwani ya Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali kama upande wa mashariki, Paje au Jambiani mkifika bamvua limekupwa mtatembea hadi mchoke, Nungwi saa yoyote watoto wanaoga. Kwaiyo Nungwi ipangie siku nzima, bebeni chakula kutoka nyumbani, hoteli za pale bei zake zimepangiwa wageni.

Jozani nitaisema kwa ufupi zaidi ingawa naipenda mno. Kilomita kama 35 kutoka mjini, daladala za Jambiani 309 na za Makunduchi 310 zinapita mlangoni, ni hifadhi ya taifa tokea 2004, na kima punju wanaoishi mule duniani kote hawapo pengine ila hapa Unguja na pale walipopelekwa na binaadamu. Raha yake kwa wenye watoto ni kuwa huna haja ya kutembea msitu mzima, kundi moja limezoea kukaa karibu na mlango, ng'ambo ya barabara, dakika chache tu kwa mguu na mnawaona juu ya miti kichwani penu, mama na mwana wake tumboni, wanarukiana. Waambie watoto wahesabu vidole, kima punju dole gumba hana, limebaki kijinundu tu. Waambie pia kwamba tumbo lake halitaki matunda mabivu yenye sukari, anakula majani machanga na matunda mabichi, na wakati mwengine anaokota makaa kwenye tanuri za watu anayala yamsaidie na sumu ya majani ya miembe na mikungu. Wa kwanza wangu alikwenda skuli kulisema hili la makaa, mwalimu hakumuamini.

Lakini kima haguswi. Wala halishwi wala haitwi. Mafua yetu yanaweza kumuua yeye na maradhi yake yanaweza kuja kwetu, kwaiyo mtoto mwenye kikohozi siku hiyo mwacheni nyumbani. Ndo maana kwa wa chini ya miaka minne Jozani ni nusu saa tu ya furaha, baada ya hapo anataka kukimbia, mbu wanamla, na ile njia ya mbao ya kwenye mikoko upande wa Pete unaipita umemshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Njia yenyewe nzuri sana, maji yakikupwa kaa wamejaa chini kwenye tope, wa kati alilala kifudifudi juu ya mbao kuwatazama na mie nimemshika suruali. Hapo hapo karibu kuna bustani ya vipepeo, unaweza kuunganisha siku moja, pigeni simu kwanza. Kwa walioko Pemba, wa kulinganisha na hawa ni popo wa Kidike, popo wakubwa ambao hawapatikani pengine duniani ila Pemba, mchana wananing'inia mitini mamia kwa mamia, watoto wanapiga kelele za furaha. Nao ni wa kutazamwa tu.

Sasa nije kwenye chaguo langu, ambalo watu nikiwaambia wanaona nawaletea jambo dogo. Shamba. Shamba la jamaa, la bibi, la ami, la rafiki wa mumeo, la yeyote mwenye mbuzi wawili watatu, ng'ombe, kuku na bata. Sie tunakwenda Kitope kwa bibi yao mkubwa, na ukinipa siku moja tu ya kutoka na mtoto wa miaka miwili mitatu sitakwenda kwengine.

Kwanza anashika. Kibuzi cha wiki tatu kinapakatwa, manyoya yake laini, moyo wake unadunda mtoto anausikia. Kifaranga kinakaa kiganjani. Ndama anakuramba mkono, ulimi wake kama msasa, wa kati alicheka mpaka akakaa chini. Pili hakuna mtu anaekwambia muda umekwisha, mtoto akitaka kukaa na bata saa nzima atakaa. Tatu anafanya kazi, na hili mie ndo naliona kubwa kuliko yote. Anaokota mayai, anabeba majani ya ng'ombe, anamimina maji kwenye hori, anaona bibi anavyokama na yale maziwa yanachemshwa mbele yake yanatiwa kwenye chai. Changuu mtoto ni mgeni, amelisha kobe aliyeshiba. Shamba yule mbuzi akipewa majani na mwanao ndo kala.

Ila shamba halijapangwa kwa ajili ya watoto, kupanga ni juu yenu. Muulizeni mwenyewe kabla hamjaingia bandani. Beberu afungwe, ana pembe na hana subira. Kuku mwenye vifaranga msimchukulie mtoto wake mbele yake, atamrukia mwanao usoni. Ng'ombe aliyezaa juzi mkae mbali nae hata kama siku zote ni mpole. Punda usimpitie nyuma. Majani mtoto ayashikie kwenye kiganja kilicho wazi, vidole vimenyooka, mbuzi hana nia ya kuuma lakini akichanganya majani na vidole ni kilio. Mwanamke mjamzito katika familia asikae karibu na mbuzi anaezaa wala asishike kondo, kuna maradhi yanapita hapo yanayoweza kuharibu mimba. Na maziwa mabichi hapana, bibi atasema sie tumekunywa tumekua, mpe heshima yake na uyachemshe.

Alafu mikono. Hapa naomba mnisikilize kwa sababu ni jambo ambalo pahala pote pa kushika wanyama linahusu, Changuu vile vile, kobe anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela gambani bila yeye kuumwa, na mbuzi na ng'ombe wana vyao, na wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, kuharisha kwao si kwa mchezo. Sabuni na maji yanayomiminika, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Ile dawa ya kupaka mikono ya kwenye chupa haitoshi mkono ukiwa na kinyesi au tope, na kuna vijidudu haiviui kabisa. Shamba natumia ndoo, kata na sabuni ya kipande, mtu mmoja anamimina mwengine anasugua, watoto wamepanga foleni. Changuu nabeba dumu la lita tano kutoka nyumbani. Chakula kisiliwe karibu na banda, chupa ya maziwa na chuchu ya mtoto visitoke mkobani mpaka mikono imeoshwa, na viatu vya shamba vivuliwe kabla ya kupanda mkekani. Mdogo wangu kwa sababu ya tabia yake ya mdomoni mie simshushi chini bandani, namshika mkononi, anagusa mgongo wa mbuzi kwa kiganja, tunakwenda kunawa, tunaregea tena. Mara tatu nne kwa siku. Inachosha lakini alikuwa anafurahi kila mara kama ndo ya kwanza.

Kwa pesa, shamba ni nauli na zawadi ya mwenyeji, na usiende mikono mitupu, sukari, mchele, sabuni, na mfuko wa pumba kwa wale wanyama. Jozani ni nauli na kiingilio. Changuu inapanda kwa sababu ya boti, Nungwi kwa sababu ya masafa. Kwa hali ya hewa, masika shamba ni tope na boti sio ya kutegemea, hapo Jozani ndo afadhali maana miti inazuia kidogo na kima wapo, ila mbu wapo zaidi. Kaskazi jua kali, kote kwa wanyama muwe mshamaliza saa tano asubuhi. Kwa choo, hakikisheni kabla, na wenye watoto wa pampasi bebeni mfuko wa kuregea nazo, hasa kisiwani.

Kwaiyo mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu namwambia shamba bila kufikiri mara mbili. Miaka minne mitano, hasa akiwa muoga, Changuu, kwa sharti la jaketi linalomkaa. Sita saba kwenda juu, Nungwi au Jozani, na ukinilazimisha kati ya hizo mbili nitasema Jozani kwa mtoto mtulivu na Nungwi kwa asiekaa pamoja, maana baada ya kasa ataoga mpaka achoke. Mwenye mchanganyiko kama mie apange kwa mdogo wao, mkubwa atapata kazi ya kufanya popote, mdogo akichoka siku ya wote imekwisha.

Sie Idi pili hii tunakwenda Kitope, saa moja asubuhi tushatoka, pamoja na watoto wawili wa dada yangu wa Fuoni ambao mbuzi wanamjua kwenye pilau tu. Bibi kapiga simu jana, yule mbuzi mweupe kazaa mapacha. Wa kati keshachagua majina, na kwenye mkoba wake kaweka sabuni ya kipande mwenyewe bila kuambiwa.